Beti yako ni swali: mwongozo kamili wa kumsoma mpinzani kwenye poka

Jumamosi jioni pale Chang'ombe, Dodoma, kuna baraza moja tunakaa watu sita saba kucheza poka. Hela hazipo mezani, tunatumia maharage na vizibo vya soda, harage moja ni 10, kizibo ni 100, kila mtu anaanza na vizibo 15 na maharage 50, yaani jumla 2,000. Nasema mapema kabisa kwa sababu mtu akisikia poka anawaza kamari, na kucheza kwa hela ni habari nyingine, hiyo inaenda kwenye sehemu zenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kila kitu nitakachoeleza hapa unaweza kujifunza kwa maharage, na mimi nilijifunza hivyo.

Watu wengi wakianza poka wanaambiwa angalia macho ya mwenzako, angalia mikono inatetemeka, angalia anameza mate. Nimejaribu sana hiyo na haijanifikisha popote, maana mtu anaweza kutetemeka kwa sababu ana karata nzuri, au hana kitu, au ana njaa tu. Kilichonibadilisha ni mnadani. Ukienda kununua mbuzi ukauliza bei ukaambiwa laki na nusu, wewe ukataja themanini, ukikodolea uso wa mzee wa Kigogo aliyeuza mbuzi miaka arobaini hutapata kitu, uso wake hauongei. Lakini akishuka hapohapo hadi laki na kumi ujue anataka kuuza leo na arudi kwake, akishuka elfu tano tu ujue kuna mteja mwingine anamsubiri. Wewe hukumsoma usoni, ulitaja bei na yeye akajibu kwa bei. Poka ni hivyohivyo, ile themanini uliyotaja ndo beti yako, yaani kiasi unachosogeza mezani, na watu wanadhani beti ni ya kushindia tu wakati beti ni swali, ukiliuliza vizuri utajibiwa hata na mtu asiyetaka kujibu.

Naongelea ile poka ya kawaida, Texas Hold'em isiyo na kikomo, karata mbili mkononi, tatu zinafunguliwa mezani kwa pamoja (tunaiita flopu), alafu ya nne, alafu ya mwisho. Kama hujui sheria zake zijue kwanza, ni kazi ya dakika ishirini. Anayegawa ndo anayeongea mwisho kwenye kila raundi baada ya flopu, na hicho kiti ndo kizuri kuliko vyote kwa sababu unasikia wenzako kabla hujasema. Maswali mengi ninayoyaeleza hapa yaulize ukiwa umekaa hapo au jirani yake, ukiwa wa kwanza kuongea unauliza gizani.

Hatua ya 1: jua swali lako linamgharimu mwenzako kiasi gani

Hapa ndo wengi wanaruka na ndo maana hawasomi chochote. Kama hujui bei uliyompa mtu huwezi kujua jibu lake lina maana gani.

Tuseme kwenye poti, lile lundo la katikati linalogombaniwa, kuna 600. Ukibeti 200, mwenzako analipa 200 apate poti itakayofika 1,000, kwa hiyo anahitaji kushinda mara moja kati ya tano tu, asilimia 20, na malipo yake yanakuwa sawa. Ukibeti nusu ya poti, 300, anahitaji asilimia 25. Ukibeti poti nzima anahitaji 33 na kidogo. Ukibeti mara mbili ya poti anahitaji 40. Hizi nne zikae kichwani kama bei ya sukari.

Sasa chukua mtu anayesubiri kopa ya tano ili awe na karata tano za jamii moja, ana kopa mbili mkononi na mbili ziko mezani. Kopa zilizobaki ni 9. Uwezekano wa kuipata kwenye karata moja inayofuata ni kama asilimia 19, kwenye karata zote mbili zinazobaki ni kama 35. Kwa hiyo karata ikiwa imebaki moja na wewe umebeti nusu ya poti, ukamtoza 25 kwa kitu cha 19 na ushee, anayejua hesabu anaweka chini, yaani anaacha karata zake, labda awe na uhakika kwamba ikija atakukamua zaidi mwishoni. Asipoweka chini, akalipa bila kusita, umeshajua kitu: ama hahesabu, ama ana zaidi ya hiyo kopa anayoisubiri. Na kati ya hayo mawili utachagua kwa kuangalia tabia yake ya huko nyuma, ndo inatupeleka hatua ya pili.

Hatua ya 2: mjue akiwa wa kawaida

Huwezi kujua mtu kabadilika kama hujui akiwa hajabadilika yukoje. Mimi nina kidaftari kidogo cha mfukoni, kila mtu ana ukurasa, naweka vijistari tu. Natazama mambo matatu. Katika mikono kumi, yaani migao kumi ya karata, anaingia mingapi? Akiingia anaingia kwa kulipa tu au kwa kureizi, yaani kuongeza bei? Na akifunguliwa karata mwishoni, alizichezaje mwanzo hadi mwisho? Hilo la tatu ndo la thamani zaidi na ndo watu wanalipuuza, karata zikifunguliwa wao wanaangalia nani kashinda, wanacheka, wanaanza kuchanganya upya. Usicheke kwanza. Rudi nyuma kichwani: huyu alikuwa na pea mbili tangu flopu, je aliongeza palepale au alinyamaza? Andika. Mara mbili tatu za hivyo unakuwa na ufunguo wake.

Mikono kumi haitoshi kumhukumu mtu, mtu anaweza kupata karata nzuri mikono minne mfululizo ukamuita mkali kumbe mtulivu. Kuanzia thelathini hivi ndo picha inaanza kuwa na sura. Barazani kwetu wapo wa aina tatu, na nadhani hata kwenu: kuna mlipaji, huyu hawezi kuachia karata, kila bei kwake ni sawa, kuna mbanaji, anakaa nusu saa hachezi ukimuona ameingia kaa vizuri, na kuna msukumaji, anaongeza kila akipata nafasi. Swali moja ukiwauliza hawa watatu wakajibu neno lilelile, ujue ni majibu matatu tofauti.

Hatua ya 3: swali la kwanza, kabla ya flopu

Blaindi zetu, zile beti za lazima za watu wawili kabla ya mchezo kuanza, ni 10 na 20. Ukitaka kucheza ingia kwa kureizi, 60 inatosha, usiingie kwa kulipa 20 kimyakimya. Ukilipa tu hujauliza kitu, watu wanne wanaingia na wewe na hujui hata mmoja ana nini. Ukisema 60, wenye takataka wanaondoka, na waliobaki wamekwambia wana kitu.

Jibu la kuliheshimu hapa ni mbanaji akikurudishia, umesema 60 yeye anasema 200. Watu wanaogopa tu bila kuhesabu, wewe hesabu. Tuseme mtu huyu umemuona anarudishia kwa pea ya maree, ya makingi, ya makwini na ree-kingi tu. Maree yanaweza kuja kwa njia 6, makingi 6, makwini 6, na ree-kingi kwa njia 16, jumla 34, kwa hiyo karibia nusu ya wakati hana pea kabisa. Lakini sasa angalia mkono wako wewe. Una ree na kwini, umezipenda. Kwa kuwa ree moja na kwini moja unazo wewe, yake ya maree yamebaki njia 3, makwini 3, makingi 6 palepale, ree-kingi 12. Jumla 24, na zote 24 ziko mbele yako. Weka chini. Mkono mzuri kwa macho, lakini swali umeuliza kwa 60 na jibu limekuja wazi kabisa, hilo ni jibu la bei rahisi kuliko yote utakayopata usiku huo, lifurahie.

Msukumaji akikurudishia hivyohivyo hesabu haiko hivyo, yeye anarudishia kwa karata nyingi za kila aina, ree-kwini yako ni nzuri kwake, lipa muendelee.

Hatua ya 4: swali dogo kwenye flopu

Mkono usio na pea unapata angalau pea moja kwenye flopu kama mara moja kati ya tatu tu. Maana yake mara mbili kati ya tatu mwenzako amekosa, kama ulivyokosa wewe. Kwa hiyo swali la hapa liwe dogo, theluthi ya poti, na liulize mara nyingi uwe na kitu au huna.

Lakini kabla hujasoma jibu, soma meza. Meza kavu ni kama kingi, saba na mbili, kila moja jamii yake, shupaza, uru, maua. Hapo hamna cha kusubiri, hamna mfululizo, hamna rangi moja. Mtu akilipa kwenye meza kavu ana pea, sana sana kingi au pea ya katikati ya mkononi. Meza mbichi ni kama tisa, nane na sita, mbili zikiwa kopa. Hapo akilipa anaweza kuwa na lolote, anasubiri kopa, anasubiri saba, ana pea ndogo, ana mfululizo kabisa anakuvizia. Jibu lilelile, uzito tofauti kabisa, na hili limenichukua muda mrefu sana kulielewa kwa sababu nilikuwa naangalia mtu wakati meza ndo inayomtafsiri.

Hapa kuna jambo moja nakusihi ulishike hata ukisahau mengine yote: reizi ndogo ya mtu mpole. Kuna mzee mmoja hucheza na sisi, mbanaji, hapendi makelele. Siku hiyo flopu ilikuwa kingi, tisa, nne, mimi nina ree na kingi, nikabeti vizibo viwili. Mzee akasogeza vinne, taratibu, kama anarudisha chenji. Nikajisemea angekuwa na kitu angeweka vingi, hii ndogo anajaribu tu, nikaongeza, akaongeza, nikaweka zote. Akafungua nne mbili, zikawa tatu na ile ya mezani. Nilimwambia shikamoo nikanyanyuka, usiku kucha nilikuwa nalirudia, na nilipofungua kidaftari nikakuta kwenye ukurasa wake mara zote mbili alizowahi kuongeza kwenye flopu alikuwa na pea mbili au zaidi. Nilikuwa nimeandika mwenyewe na sikusoma. Mtu ambaye kazi yake ni kulipa, siku akiongeza hata kidogo hakutanii, ule udogo ni wa kukubakisha, anataka ulipe. Pea moja hata iwe ya kingi na ree pembeni, iache.

Hatua ya 5: karata ya nne, swali la gharama

Angalia poti inavyonenepa. Ikiwa na 120 kwenye flopu ukabeti 40 akalipa, imefika 200. Ya nne ukabeti 140 akalipa, 480. Ya mwisho ukibeti 320 tayari swali lako ni mara nane ya lile la kwanza. Kwa hiyo wenye pea ndogo wanaovumilia 40 hawavumilii 140, na ndo kazi ya hatua hii, kuchuja. Mimi hapa nabeti theluthi mbili hivi. Akilipa tena, na si yule mlipaji wa kila kitu, mchukulie ana kitu cha kweli au anasubiri kikubwa.

Wewe ukinyamaza hapa nalo ni swali pia. Ulibeti flopu akalipa, ya nne ukacheki, yaani ukapita bila kubeti, ukimya wako unamwambia njoo. Msukumaji atabeti karibu kila mara, hiyo haikwambii chochote. Mbanaji akibeti ana kitu. Mbanaji akicheki nyuma yako basi ana pea ya wastani anataka ifike mwisho kwa bei ndogo, na sasa unajua karata ya mwisho umtoze kiasi gani.

Hatua ya 6: karata ya mwisho, hadithi ikamilike

Hapa hamna tena kusubiri. Ana kitu au hana. Na hapa ndo unaunganisha majibu yote matatu aliyokupa uone kama ni hadithi moja au ni vipande vya hadithi mbili.

Mkono mmoja niueleze taratibu. Mimi nimegawa, nina kingi ya shupaza na jeki ya uru. Nikasema 60, kijana mmoja wa bajaji aliye kwenye blaindi kubwa akalipa, poti 130. Flopu: kingi ya kopa, nane ya kopa, tatu ya maua. Akacheki, nikaweka maharage matano, akalipa hajafikiria, poti 230. Ya nne, tano ya uru. Akacheki, nikaweka kizibo na maharage matano, 150. Hapo nimemtoza asilimia 28, akalipa haraka tena, poti 530. Ya mwisho, mbili ya shupaza. Na huyu aliyekuwa anacheki muda wote akasukuma vizibo vitano mbele, 500.

Moyo unaenda mbio, si mchezo. Lakini uliza: hadithi yake ni ipi? Anataka niamini ana tatu za namna moja au pea mbili. Angekuwa nazo tangu flopu yenye kopa mbili, huyu kijana kwenye kidaftari changu anaongeza palepale, nimemuona mara mbili. Labda hiyo mbili ya mwisho imemsaidia? Kuna ree na nne, au nne na sita, tu zinazotengeneza mfululizo hapo, nyembamba. Angekuwa na kingi kama mimi angecheki tufungue. Kinachobaki ni mtu aliyekuwa analipa haraka bei kubwa kuliko thamani ya anachosubiri, na kikakosa. Tena mimi sina kopa hata moja, kwa hiyo zote anazoweza kuwa nazo bado zipo huko. Ningekuwa na kopa ya ree mkononi ningepunguza imani. Bei yangu: 500 kwa poti itakayokuwa 1,530, nahitaji kuwa sahihi mara moja kati ya tatu. Nikalipa. Akafungua kumi ya kopa na tisa ya kopa.

Upande wa pili wa hili upo kwenye mkono maarufu wa fainali za dunia za mwaka 2003 kule Las Vegas. Chris Moneymaker, mhasibu aliyepata nafasi kupitia shindano dogo la mtandaoni, alikuwa amebaki na Sammy Farha tu. Mezani tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, ya nne ikaja nane ya shupaza, ya mwisho tatu ya kopa. Farha alikuwa na kwini na tisa, pea ya juu kabisa. Moneymaker alikuwa na kingi ya shupaza na saba, hakuwa na kitu. Lakini aliongeza palepale ilipodondoka shupaza ya tatu, na karata ya mwisho akaweka zote. Hadithi haikuwa na ufa, mtu mwenye shupaza tano angefanya hivyohivyo, na ile kingi ya shupaza aliyokuwa nayo ilimhakikishia kwamba Farha hana kubwa yake labda awe na ree. Farha akaweka chini karata iliyokuwa inashinda, na baadaye Moneymaker akaondoka na ubingwa na dola milioni 2.5. Kwa hiyo ukitaka kupiga blafu, yaani kujifanya una kitu wakati huna, isimulie tangu karata ya nne, ukianza kuisimulia mwishoni ni kama yule kijana wa bajaji.

Hesabu ya blafu ni fupi: ukibeti nusu ya poti mwenzako aweke chini mara moja kati ya tatu, ukibeti poti nzima aweke chini nusu ya wakati, hapo hujapata wala kupoteza. Na usimpigie mlipaji. Kamwe. Yeye hasikilizi hadithi.

Kitu kingine cha mwishoni ni beti ndogo ya ghafla, poti ina 500 mtu aliyekuwa kimya anaweka 80. Mara nyingi huyo ana pea ya wastani anajipangia bei mwenyewe ili wewe usimpangie kubwa. Kama una nguvu ongeza, kama una pea nzuri lipa tu.

Hatua ya 7: na wewe usisomeke

Ukiuliza swali dogo ukiwa huna kitu na kubwa ukiwa nacho, mwenye kidaftari atakumaliza. Saizi yako ifuate meza, isifuate mkono wako. Meza kavu theluthi, meza mbichi zaidi ya nusu, uwe na maree au uwe huna lolote. Na muda wako wa kufikiria uwe uleule.

Jinsi ya kuanza Jumamosi hii

Usijaribu kusoma meza nzima, utachoka na hutapata kitu. Chagua mtu mmoja, ikiwezekana anayekaa kulia kwako kwa sababu anaongea kabla yako. Mikono thelathini, yeye tu, hata ile ambayo wewe umeshaweka chini. Kabla karata hazijafunguliwa sema kimoyomoyo "ana kingi" au "anasubiri shupaza" au "hana kitu", alafu zikifunguliwa weka tiki au mkasi. Mimi mara ya kwanza nilipata tiki nne kati ya kumi na moja. Ukifika nyumbani kaa na zile za mkasi, kila moja jiulize ni jibu lipi kati ya matatu ulilisikia vibaya, la flopu, la karata ya nne au la mwisho, na andika pembeni. Jumamosi inayofuata chagua mtu huyohuyo tena.